Vichaka Viwili vya Jamii Moja Mlimani Kilimanjaro

Mtu apandaye Kilimanjaro, akiisha kuupita msitu mkubwa, kiasi cha mita 3,000 juu ya bahari, huingia katika nchi ya vichaka vigumu, vyenye majani membamba kama sindano na ndevu za kijivu zining'iniazo matawini. Wengi hudhani ni kichaka kimoja. Kumbe wamo ndugu wawili, ambao wataalamu huwaita Erica arborea na Erica excelsa.

Kwa majani twaweza kudanganyika. Na tutazame ua, tena tulisogeze karibu na jicho, maana ni dogo kama punje ya uwele. Ua la arborea ni jeupe, lina umbo la kengele, lanukia vizuri, na nyuki hulifuata. Vijani vinne vinavyolishika kwa chini vyalingana. Ua la excelsa halipendezi macho hata kidogo. Lakini kati ya vijani vyake vinne kimoja ni kirefu kuliko wenzake, na hiyo ndiyo alama ya hakika. Tena halina haja ya nyuki: unga wake huchukuliwa na upepo, na kwa sababu hiyo kile kichwa kiupokeacho ni kipana. Kwa tofauti hizi wataalamu wa zamani waliutenga mti huu wakauita Philippia. Siku hizi jina hilo limeachwa, nasi twaona ni haki.

Arborea umeenea mbali, toka kwetu hata Ethiopia na pwani za Bahari ya Kati. Huko watu huchimba kivimbe kigumu kilicho kati ya shina na mizizi, wakachonga viko vya tumbaku, kwa kuwa hakiungui upesi. Excelsa hauvuki Afrika.

Kazi yao mlimani ni moja. Ukungu upitapo, vijani vile huunasa, na matone hudondoka yakalisha vijito. Moto ukivichoma, vyote viwili huchipuka tena toka chini; lakini ukirudi kabla havijakua, hubaki vifupi. Mioto mingi huwashwa na watu, wakiwamo warina asali wafukuzao nyuki kwa mwenge. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka huko siku nyingi. Palipokuwa na miti ya mita kumi, leo mahali pengi pana vichaka vifikavyo kifuani tu.