Iodini Inayotoa Mionzi

Je, umewahi kumwona mtu mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo? Katika miaka ya 1980 ugonjwa huu ulienea sana Mbeya na Iringa, kwa kuwa udongo wa milimani huko una upungufu wa iodini, ambayo tezi huihitaji.

Iodini ya kawaida haibadiliki. Iodini 131 hutoa mionzi, na kila baada ya siku 8 nusu yake hugeuka kuwa gesi ya zenoni. Tezi hufyonza zote mbili bila kuzitofautisha. Kwa hiyo daktari humpa mgonjwa wa saratani ya tezi iodini 131, nayo mionzi huua seli za saratani.

Kinga ya rovu si mionzi, bali ni chumvi yenye iodini.

Zoezi: Baada ya siku 16, iodini 131 itabaki sehemu gani?