Kwa Nini Mwingereza "Hana" Miaka?

Katika toleo hili tumeona tuzungumzie kitenzi kidogo cha Kiingereza ambacho tunakitumia kila siku, na kila siku kinatukosesha alama. Nacho ni kitenzi "have".

Sababu ya kuandika ni hii. Likizo iliyopita alikuja hapa Majengo kijana mmoja kutoka Bukavu, Kongo, kuwatembelea jamaa zake. Kiswahili anakijua, lakini shule amesoma kwa Kifaransa. Jioni alipofika madrasani, ustadhi alimwomba ajitambulishe kwa Kiingereza. Akasema, "I have thirteen years." Wengi wetu tulicheka. Mgeni akainamisha kichwa, na jioni ile hakusema tena.

Ustadhi hakutugombeza. Alitugawia vipande vya karatasi, akatuambia kila mmoja aandike umri wake kwa Kiingereza. Alipovikusanya, vingi vilikuwa na kosa lile lile la mgeni. Tuliona haya, na somo likaanzia hapo.

Kwa nini mtoto wa Bukavu na mtoto wa Songea wakosee sawasawa? Ni kwa sababu hapa Kifaransa na Kiswahili vinapita njia moja. Mfaransa husema "J'ai treize ans", yaani nina miaka kumi na mitatu. Husema pia "J'ai faim", nina njaa. "J'ai soif", nina kiu. "J'ai sommeil", nina usingizi. Kwetu na kwake, mtu ana njaa kama anavyokuwa na kitabu. Kwa Mwingereza, umri na njaa ni hali ya mtu, na hali hiyo huisema kwa kitenzi "be": "I am thirteen years old", "I am hungry", "I am thirsty", "I am sleepy".

Sisi wa madrasa tunayo nafuu. Tumejifunza Kiarabu, nacho husema "anaa jaai'", mimi ni mwenye njaa; "anaa 'atshaan", mimi ni mwenye kiu; "anaa khaaif", mimi ni mwenye hofu. Basi ukitaka kusema njaa, kiu au hofu kwa Kiingereza, ukumbuke kwanza Kiarabu chako, kisha useme "I am".

Lakini tusikimbilie "I am" kila mahali. Katika mali na jamaa, "have" inabaki: "I have a book", "I have two brothers". Na katika maradhi mengi ni hivyo hivyo: "I have a fever", "I have malaria". Hapa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili vinakubaliana.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe. "Nina" ya Kiswahili maana yake ni kuwa pamoja na kitu. Ndiyo maana wakati uliopita tunasema "nilikuwa na kitabu". Mwanafunzi akifuata neno kwa neno huandika "I was have a book". Sahihi ni "I had a book".

Mtego wa tatu unatukamata sote tena. "Nimekula" ni "I have eaten", na kwa Kifaransa ni "J'ai mangé". Mfaransa hutumia kauli hiyo hata akitaja jana, na sisi mitaani husema "nimemwona jana". Mwingereza hakubali. Ukishataja siku iliyopita, "have" huondoka: "I saw him yesterday".

Ndugu wanafunzi, jambo hili si dogo. Katika shule za msingi za serikali tunasoma kwa Kiswahili, na tukiingia sekondari masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Wenzetu wa Rwanda walipata mtihani wa namna hiyo mwaka 2008, serikali yao ilipoamua kuacha kufundisha kwa Kifaransa na kushika Kiingereza. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo wageni kama yule tutazidi kukutana nao.

Tulilojifunza ni kwamba anayekosea lugha ya kigeni mara nyingi anafuata kanuni ya lugha aliyoizoea. Ukiijua kanuni hiyo, utaweza kumsahihisha mwenzako, na wewe mwenyewe utajisahihisha. Ukimcheka, atanyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi.

Kesho yake tulimwomba mgeni radhi. Kabla ya kuondoka alitufundisha kuhesabu kwa Kifaransa mpaka ishirini. Tulikosea sana, naye hakutucheka.