Kupanga si Kuzua: Somo la In Cold Blood

Usiku wa kuamkia Novemba 15, 1959, Richard Hickock na Perry Smith waliingia nyumbani kwa mkulima Herbert Clutter, kijijini Holcomb, Kansas, nchini Marekani, wakitafuta kasha la fedha ambalo halikuwapo. Walimuua yeye, mkewe na watoto wao wawili, wakaambulia dola zisizozidi 50. Kutokana na mauaji hayo Truman Capote aliandika In Cold Blood, kitabu kilichotoka mwaka 1966, akakiita riwaya isiyo ya kubuni na kusisitiza kuwa yote yaliyomo ni kweli. Kwa uzuri wake na kwa dosari yake, kitabu hiki kinaonyesha kwamba msimulizi wa kisa cha kweli ana haki ya kuyapanga matukio, lakini hana haki ya kuyazua.

Nguvu ya Capote imo katika mpangilio. Tangu kurasa za mwanzo tunajua familia itakufa, lakini tunamwona Nancy, binti wa Clutter, akimfundisha msichana jirani kuoka pai ya cheri, huku gari la wauaji likizidi kukaribia. Kisha miili inagunduliwa, na yaliyotokea usiku ule yanabaki yamefichwa hadi Smith anapokiri garini, akirudishwa Kansas na wapelelezi. Swali letu linaacha kuwa nani aliua, linakuwa kwa nini. Athari hiyo imepatikana kwa kuchagua tu kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Hitimisho la kitabu ni jambo jingine. Mpelelezi Alvin Dewey anakutana makaburini na rafiki wa Nancy, wanazungumza, na msomaji anafarijika. Gerald Clarke, aliyeandika wasifu wa Capote, alieleza kuwa mkutano huo ulibuniwa. Na kwa kuwa Capote amejiondoa kabisa katika masimulizi, msomaji hana njia ya kutambua lipi lilishuhudiwa na lipi lilitungwa.

Wapo watakaosema kwamba hata mashahidi mahakamani husahau, hivyo ukweli kamili haupatikani popote. Ni kweli, lakini shahidi anajulikana na anaweza kuhojiwa. Tukio la kubuni halina wa kuulizwa. Wengine watasema bila ubunifu kisa kingepooza. Rodolfo Walsh anawajibu. Mwaka 1957, huko Argentina, alichapisha Operación Masacre kuhusu raia waliopigwa risasi na polisi mwaka 1956. Kitabu hicho kinasisimua kama riwaya, ilhali mwandishi anajitokeza na kueleza jinsi alivyowafikia walionusurika.

Watu waliouawa hawawezi kuamka na kusahihisha yaliyoandikwa juu yao. Kwa hiyo anayeazima mbinu za riwaya kusimulia vifo vyao anabeba wajibu mzito kuliko mwandishi wa habari wa kawaida: pale anapokisia, amwambie msomaji wazi kwamba anakisia.