Mgeni, Mlowezi, Mhamiaji: Lugha ya Sheria na Mageuzi ya Mfumo wa Uhamiaji Tanzania kwa Mfano wa Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Mapendekezo ya kuusuka upya mfumo wa uhamiaji nchini kwa kawaida huhusu vibali, ada, ulinzi wa mipaka na mitambo. Baadhi yake yamekwisha kutekelezwa. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 ilikitenga kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji; na Januari 2018 pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa. Makala haya yanadai kwamba liko jambo linalopaswa kuyatangulia hayo yote, nalo ni la lugha. Mfumo usiojua umwite nani mtu aliye mbele yake hauwezi kumtendea haki.

2.0 Bonde la Watu wa Kuja

Michenga, jirani na mji wa Ifakara, ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, ijapokuwa ni mbali na kila mpaka wa nchi. Wambunga, ambao leo huhesabiwa kuwa wenyeji wa Ifakara, waliingia bondeni katika karne ya 19, wakati wa misukosuko iliyotokana na ujio wa Wangoni. Wabena waliteremka kutoka nyanda za juu katika karne hiyo hiyo. Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga waliowatangulia, wangeweza kuwaita wote hao watu wa kuja. Kisha mashamba ya miwa ya Kilombero na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, vikaleta watu wa mikoa mingi. Na wafugaji wa Kisukuma na Kibarbaig wakafuata na ng'ombe wao.

Mwishoni mwa mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo katika bonde hilo, ambalo tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar. Hoja ya mazingira haikuwa nyepesi, wala hatukusudii kuibeza: ng'ombe hunywa maji yale yale, aitwe kwa jina lolote mwenye kumchunga. Lakini katika mjadala uliozuka, raia wa Tanzania waliitwa wavamizi na wahamiaji, hali Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika Jamhuri. Mwaka uliofuata, katika Operesheni Kimbunga iliyofanyika Kagera, Kigoma na Geita, neno hilo hilo, likiongezewa "haramu", lilitumika kwa watu ambao baadhi yao walikuwa wamekaa nchini kwa miongo kadhaa. Neno moja likabeba hadhi mbili za kisheria zisizofanana hata kidogo.

3.0 Maneno Yenyewe

Chanzo cha utata ni cha kimofolojia. Kitenzi -hama hueleza kuondoka mahali. Kauli yake ya kutendea, -hamia, hueleza mahali pa kuendea. Hakuna katika mzizi huo kinachodokeza mpaka wa dola. Anayetoka Shinyanga akajenga Michenga ni mhamiaji kwa Kiswahili fasaha kabisa, sawa na aliyetoka Burundi. Neno mhamaji, ambalo lingeweza kutusaidia, limekwisha kuchukuliwa na mfugaji wa kuhamahama.

Mlowezi ana historia ya ajabu zaidi. Neno linatokana na -lowea, yaani kukaa ugenini hadi kuzoea. Wakati wa ukoloni lilimwandama Mzungu mwenye shamba kubwa, hata likawa karibu tusi la kisiasa. Leo watendaji wa mikoa ya magharibi hulitumia kwa mkulima maskini aliyevuka mpaka zamani na ambaye wajukuu wake hawajui nchi nyingine. Mgeni naye, katika methali, hupewa jembe siku ya tatu. Katika sheria hiyo siku ya tatu ni ndefu mno.

4.0 Mapendekezo

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa uraia wa tajnisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka 7 katika 10 iliyotangulia, tena ajue Kiswahili au Kiingereza. Lakini haikuweka kipimo cha ujuzi huo. Idara za Kiswahili vyuoni zinaweza kukitunga, kikiwa cha mazungumzo, ili mzee asiyejua kusoma asikosee mlango kwa sababu ya kalamu. Kuhusu uraia wa kuzaliwa, matini ya sheria yaelekea kusema kuwa kuzaliwa nchini kunatosha, ilhali katika utendaji hutakiwa mzazi mmoja awe raia. Pengo hilo lizibwe na Bunge, si na mfasiri.

Tunamtaja mfasiri kwa sababu marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Atakayeamua kuandika mhamiaji, mlowezi au mkaazi atakuwa ametoa hukumu kabla ya hakimu. Tunapendekeza mhamiaji, katika matini ya sheria na maagizo ya serikali, awe ni yule tu aliyevuka mpaka wa nchi. Raia abaki raia popote alipo. Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mwaka 1972, na waliopewa vyeti vya uraia kuanzia mwaka 2014, bado huitwa "raia wapya", daraja ambalo Katiba hailijui. Awali walitakiwa watoke kwanza Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakaishi mikoa mingine, sharti lililokuja kuachwa: ili wawe raia, ilibidi wawe wahamiaji kwa mara ya pili.

Hata hivyo mageuzi hayatamfikia mwananchi kupitia matini ya sheria pekee. Mwombaji wa kitambulisho cha taifa, hasa asiye na cheti cha kuzaliwa, huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, anayeandika barua ya kumtambulisha. Huyo ndiye mfasiri wa kwanza wa sheria ya uraia, na mpaka sasa hana mwongozo wa istilahi mezani pake.