Tela Linapokwenda Mrama

Marafiki sita wa Morogoro wamenunua baiskeli za milimani, na wanataka kuzipeleka Iringa wakati wa sikukuu, pamoja na mahema, jiko la gesi na maji ya siku tatu. Mmoja wao ana Noah, mwingine ana Hilux ya milango minne. Aliyeniandikia ni mwenye Noah. Anauliza wanunue tela la aina gani, la ekseli moja au mbili, na livutwe na gari lipi. Amemalizia kwa sentensi iliyonikaa kichwani wiki nzima: "Dada, injini yangu ni nzima, kwa hiyo nguvu ya kuvuta si tatizo."

Ni kweli, nguvu si tatizo. Baiskeli sita, mahema, maji na tela lenyewe vikijumlishwa vitafika kilo 500 hivi, na Noah nzima itavivuta. Ila kuvuta ni nusu ya kazi. Tela linalovutwa vizuri kabisa kwa kilomita 60 kwa saa linaweza, kwenye kilomita 95, kuanza kuchezesha mkia taratibu, halafu kwa nguvu, halafu likalitoa gari barabarani. Mzigo ni uleule, na dereva hajagusa kitu zaidi ya mafuta. Kwa nini? Hilo ndilo ninalotaka kulieleza. Bima, usajili, leseni na nyaya za taa za nyuma sitayagusa. Fundi umeme wa magari na askari wa usalama barabarani watawajibu vizuri kuliko mimi.

Kwanza jina. Nimelitafuta kwa siku kadhaa. "Kuyumba" kunafaa, lakini mlevi anayumba, uchumi unayumba, hata imani inayumba; neno limebebeshwa mengi mno. "Kupiga mkia" kunaonekana vizuri machoni, lakini mkia hupigwa na mnyama mwenyewe, na sijaona mkia uliomwangusha ng'ombe. Nimeishia kwa mabaharia. Chombo kinacholalia ubavu huu na ubavu huu kwa mawimbi, wao husema kinakwenda mrama. Mwanamaji atanipinga kwamba mrama wa chombo ni wa kulala kushoto na kulia, ilhali tela hugeuza pua na mkia kama sindano ya dira. Pingamizi lake ni la haki na nimelipima. Lakini mrama una mapigo: unakwenda, unarudi, na kila ukirudi unaweza kuja mkubwa zaidi. Tena huku bara, tusikojua mawimbi, mambo yakienda mrama maana yake yameharibika. Neno lenye maana zote mbili sitaliacha. Basi ni mrama wa tela.

Mrama huu nimeuona kwa karibu, sakafuni. Mpwa wangu ana gari la waya, na nyuma yake tulifunga tela la kopo la maziwa lenye ekseli moja na magurudumu mawili ya vizibo. Tuliweka ubao wa mita mbili, ncha moja juu ya kiti, tukachukua nati sita nzito kutoka kwenye boksi la fundi. Nati zilipokaa mbele ya ekseli ya tela, gari lilishuka ubao wote likiwa limenyooka. Tukazihamisha nyuma ya ekseli, umbali wa vidole vitatu tu. Gari likashuka hatua moja, mkia wa kopo ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukaenda kushoto zaidi, na vyote viwili vikaanguka ubavuni kabla ya kufika katikati. Tulirudia mara kumi. Mara kumi zote nati za nyuma ziliangusha gari.

Sasa tuingie kwenye mpira wa tairi, maana siri inaanzia pale. Tairi halipendi kwenda upande. Likiwa linaelekea huku na mwili unakwenda kule, mpira unaogusa lami hujipinda, na kwa kujipinda huko husukuma kurudisha mambo mstarini. Kadiri pembe kati ya uelekeo wa tairi na njia linayopita inavyokuwa kubwa, ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa. Kwa tela, pembe hii ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni tela kukaa mshazari nyuma ya gari. Hicho ndicho kinacholirudisha katikati, kama springi ya mlango. Cha pili ni kasi ya ule mkia wenyewe kwenda upande, na hiki ndicho kinachozima mchezo, kama shokapu.

Chanzo hiki cha pili ndicho kilichoninyima usingizi kwa furaha. Tuseme mkia wa tela unakwenda pembeni kwa mita moja kwa sekunde. Gari likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kwa sekunde, mwendo huo wa pembeni unalipa tairi pembe ya digrii 5. Gari likiwa kwenye kilomita 110, yaani mita 30 na ushei kwa sekunde, mwendo uleule wa pembeni unatoa pembe isiyofika digrii 2. Mkia unacheza vilevile, lakini kinachouzuia kimepungua zaidi ya nusu! Springi iko palepale, shokapu ndiyo inayonyauka kadiri unavyokanyaga mafuta. Hakuna kilichovunjika wala kulegea. Ni hesabu ya kugawanya tu: mwendo wa pembeni juu ya mwendo wa mbele, na wa mbele ukikua, jibu linapungua.

Kila gari na tela lake, kwa mzigo fulani, vina kasi yao ya mpaka. Chini ya hapo, upepo wa basi linalokupita unalitikisa tela mara moja, linatulia. Juu ya hapo, kila mtikiso unazaa mkubwa kuliko uliopita. Nguvu ya kuukuza inatoka kwenye mwendo wenyewe wa gari, ule ulioununulia petroli.

Na kasi hiyo ya mpaka inapangwa na nini? Hapa nakwenda sokoni, kwa mtu wa mkokoteni. Mtazame pale Kariakoo akipakia magunia kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili. Hapakii tu. Anaweka la kwanza juu ya ekseli, la pili mbele kidogo, la tatu nyuma kidogo, kisha anarudi mbele, anashika mti na kuunyanyua kidogo, kama mtu anayepima nazi mkononi. Mti ukimlemea, anarudisha gunia moja nyuma. Mti ukiinuka wenyewe, na hili ndilo analoliogopa, anashusha gunia na kulileta mbele upesi. Mkokoteni uliolemea nyuma unamwinua yeye! Akiwa barabarani, kila shimo linamnyanyua kisigino, mti unamponyoka viganjani, na mzigo unaanza kumwendesha kushoto na kulia badala ya yeye kuuendesha. Anataka mti umlalie mikononi kidogo, uzito anaoweza kutembea nao siku nzima, usiomchosha lakini asioweza kuusahau. Hajui asilimia, na hazihitaji. Viganja vyake vinamtosha. Mtazame tena anapobeba mabomba marefu, anavyoyafunga katikati na kuyaacha yatokeze mbele zaidi ya nyuma. Na akipewa friji, hailazi mkiani hata kama mwenye friji anasisitiza kuwa ndipo penye nafasi.

Gari linalovuta tela ni yule mtu, na kiunganishi cha nyuma ya gari ni viganja vyake. Mti wa tela unaofika kwenye kiunganishi, mimi nauita shingo, na uzito unaolalia kiunganishi nauita uzito wa shingo. Marekani hushauri uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Uingereza hutosheka na 5 hadi 7, na sheria yao hairuhusu tela kupita maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97. Kwa barabara zetu ningechukua 10. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, mkia unapoenda kushoto, shingo inalisukuma gari kulia. Matairi ya nyuma ya gari yanajipinda, gari linageuka kidogo, na kugeuka huko kunaivuta shingo upya kwa wakati mbaya kabisa, kama mtoto anayesukuma bembea kila inapomfikia. Mpigo mmoja huchukua sekunde moja hadi mbili. Dereva anayejaribu kuusahihisha kwa usukani hufika amechelewa, na marekebisho yake yanaingia upande ambao tela limeshaondoka. Ndiyo maana dawa ni kushika usukani imara bila kuuzungusha, kuachia mafuta, na kutokanyaga breki ghafla.

Hesabu ya tela lenu ni hii. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Tuseme kutoka ekseli hadi kiunganishi ni mita tatu. Madumu yakikaa mita moja mbele ya ekseli, na shingo ikawa na kilo 50 zinazotakiwa, kuyahamishia mita moja nyuma kunaondoa kilo 53 shingoni. Shingo yote imekwisha, na tela linaanza kuliinua gari kwa nyuma. Hamjaongeza hata kijiko. Mmepanga vibaya tu.

Tena msidhani kusawazisha kunatosha. Mkitundika baiskeli sita mkiani na kuweka kreti na mtungi wa gesi puani, mzani unaweza kusoma vizuri, lakini mmetengeneza mzegazega. Aliyewahi kubeba ndoo mbili kwa mti begani anajua: kuanza kugeuka ni kazi, na ukishaanza, kusimama ni kazi kubwa zaidi. Vizito viwekwe katikati, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, chini kabisa. Baiskeli zilale juu ya tela, zisining'inie nyuma yake.

Upepo wa matairi, springi zilizochoka na upepo wa pembeni navyo vina mchango, na shingo nzito mno hulifanya gari liwe jepesi mbele. Someni kitabu cha gari kuhusu kikomo chake.

Sasa jibu. Chukueni Hilux. Urefu wake kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 3.1, wakati Noah nyingi zina mita 2.8 hivi, na Hilux ni nzito zaidi; gari refu na zito ni gumu kugeuzwa na shingo ya tela. Ekseli moja inatosha kwa kilo 500, lakini lipeni zaidi kwa tela lenye shingo ndefu, maana umbali kutoka kiunganishi hadi ekseli ndio unaoipa shokapu ile mkono mrefu wa kufanyia kazi. Mkienda na Noah mtafika, mradi msipite kilomita 80 kwa saa.

Kabla ya kuondoka, wekeni tela mahali tambarare, chini ya shingo yake wekeni mzani wa kujipimia mwili na kipande cha gogo juu yake, mpaka shingo ikae kwa urefu uleule itakaokaa kwenye gari. Someni. Na mkiwa Iringa mkajiandaa kurudi, pimeni tena. Maji mtakuwa mmeyanywa. Kilo 80 zilizokuwa mbele ya ekseli zitakuwa zimeondoka, shingo itakuwa imebaki na kilo 23 hivi, na mlima Kitonga, mlioupanda mkienda, mtakuwa mnaushuka.