Kijivimbe chini ya sikio hakiumi? Kapimwe tu

Kinyozi anakutengeneza ndevu, mara anazima mashine. "Buda, hii nini hapa chini ya sikio?" Unagusa: kigumu kiasi, kama njugu, kinateleza chini ya ngozi. Hakiumi. Unajiambia kitaisha chenyewe, na mwaka unapita.

Hapo mbele na chini ya sikio ndipo ilipo parotidi, tezi kubwa kuliko zote za mate. Matumbwitumbwi huivimbisha pia, lakini hayo huja na homa na maumivu, kisha huisha baada ya siku kadhaa. Uvimbe unaokaa miezi bila kuuma ni stori nyingine.

Habari njema ni kwamba kati ya kila uvimbe 10 wa tezi hii, karibu 8 si saratani. Unaopatikana zaidi huitwa adenoma pleomofiki, nao hukua polepole. Mwingine, uvimbe wa Warthin, hupenda sana wavutaji sigara.

Sasa mbona usiuache tu? Kwa sababu adenoma hiyo ikikaa miaka mingi inaweza kugeuka saratani. Na haina tembe. Tiba yake ni upasuaji.

Muone daktari wa masikio, pua na koo. Atakupapasa shingo, aangalie mdomo, akutume ultrasaundi au MRI, kisha avute seli kwa sindano nyembamba zikapimwe maabara.

Hapa sikiza vizuri: usikubali mtu akutumbue kama jipu. Neva inayokuwezesha kufumba jicho na kutabasamu inapita katikati ya tezi hiyo. Tena ganda la uvimbe likipasuka na seli zikamwagika, uvimbe unaweza kurudi baadaye, tena ukiwa vijivimbe vingi. Mpasuaji anayejua kazi huutoa pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka, huku akiilinda neva.

Baada ya hapo, uso unaweza kulegea kwa wiki au miezi kabla ya kurudi sawa. Wengine hutokwa jasho shavuni wakila. Muulize daktari hayo yote kabla ya kutia sahihi.

Lakini ukianza kuuma, kukua haraka, au upande mmoja wa uso ukilegea, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda leo. Na kama bado hakiumi, basi una bahati: nenda kikiwa kingali kidogo.