Faili Ulilopakua Limo Ndani ya Mashine

Katika nchi jirani ya Kenya, wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba makubwa hutakiwa, kama waajiriwa wengine, kuwasilisha ritani za ushuru wa mwaka uliopita kabla ya tarehe 30 Juni kumalizika. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaopaswa kulipa, ile iliyo kubwa zaidi. Kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, na asiyekuwa nayo huenda saiba, ambako hata dakika ya kutafuta hulipiwa.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Ndugu yetu anamaliza kujaza, anabonyeza ili apate stakabadhi yake, na stakabadhi haionekani. Anabonyeza tena, na tena, akidhani mashine imekataa. Haikukataa hata mara moja. Nakala zote zimo humo, za baadaye zikiwa zimetiwa (1) na (2) mwishoni mwa jina.

Tunapenda wanachama waelewe jambo hili vizuri. Kupakua ni kuchukua nakala kutoka mtandaoni na kuiweka ndani ya mashine uliyoikalia. Kwa kawaida kompyuta za Windows huiweka katika folda iitwayo Downloads. Njia ya mkato ni kushika Ctrl na kubonyeza J ukiwa bado mtandaoni. Orodha ya vilivyopakuliwa itafunguka. Majina ya mafaili haya mara nyingi ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu usio na maana kwa mtu yeyote, basi usihangaike na jina. Panga folda kwa tarehe. La leo litakaa juu.

Sasa fikirini, ndugu. Ikiwa faili limo ndani ya mashine, litabaki humo utakapoinuka. Anayekalia kiti baada yako atalikuta mahali pale pale ulipolikuta wewe. Hati ya mshahara huonyesha jina lako na mapato yako, na pengine namba ya kitambulisho na ya akaunti ya benki. Barua ya malalamiko iliyopakuliwa katika kompyuta ya ofisi ya mwajiri ni hatari zaidi, na hatuhitaji kueleza kwa nini.

Kulifuta jina katika ile orodha ya Ctrl na J hakutoshi, maana kwa kawaida faili lenyewe hubaki. Kwanza chapisha nakala yako, au itie katika flashi, au itume kwa barua pepe yako. Kisha rudi kwenye folda, chagua kila nakala, shika Shift na ubonyeze Delete, ili isiende kukaa katika pipa la taka la kompyuta. Mwisho, toka katika akaunti yako. Ukishindwa, mwite mhudumu azifute mbele ya macho yako, kabla hujalipa.